Mti wa Makaburi Kwenye Debe

Nilipokuwa mtoto wa meno ya mbele kung'oka, huko Mbozi, wakati wa Mwingereza, mkono wangu wa kuotesha ulishajulikana mpaka ng'ambo ya mpaka. Sijisifu. Nikichomeka mpini wa jembe ardhini, wiki ijayo una majani. Shule sikwenda, lakini waliokwenda walikuja kuniuliza mimi.

Mama alikuwa anachuma kahawa kwa mzungu. Siku moja nikamfuata, nikaona barazani kwa mke wa mzungu kuna mti kwenye chungu, majani marefu kama ya mahindi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nusura nife kwa kicheko. Wake ulikuwa na mstari wa njano, wetu kijani kitupu, lakini mti ni ule ule, ambao Wachaga wanauita isale. Kwetu ni mti wa makaburi, hauna kazi nyingine. Mtu akizikwa, ndugu yake wa tumbo moja anachomeka kipande kichwani. Kikishika, marehemu kalala bila kinyongo. Kikioza, kaondoka na neno na mtu wa nyumba ile.

Nikasema, kama mzungu anaufuga, mimi nani nikose? Nikakata vipande vitatu makaburini, vya shubiri moja moja. Nikaviacha kivulini siku mbili jeraha likauke, nikachanganya udongo na samadi na maganda ya kahawa, nikavipanda kwenye debe la mafuta ya taa. Debe nikaliweka ndani, karibu na kitanda tulicholala mimi na mdogo wangu Lidia. Maji kidogo tu. Mwezi haujaisha, vyote vitatu vimechipua. Lidia alikuwa anayafuta majani vumbi kwa gauni lake.

Bibi alipoliona lile debe, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mume wangu, nani kakutuma kuita kaburi ndani?"

"Mama mzungu anao barazani, Bibi, na hafi."

"Yule hana kaburi hapa. Toa."

"Wivu tu huo. Mkono wako hata maboga yanaukataa."

Lidia akacheka mpaka akakaa chini. Bibi naye akacheka kidogo. Debe sikulitoa.

Mvua kubwa zilipoanza, Lidia akabanwa na kifua. Siku nne. Ya tano tukamzika. Baba, mzee wa kanisa, akasema ni homa ya mapafu, na watu wakaitikia ndiyo, halafu wakawa wananitazama mimi. Ndugu wa tumbo moja nilikuwa mimi peke yangu.

Bibi akanipa kipande kibichi, kimekatwa pale pale, bado kinatoa maji.

"Haya, mwenye mkono. Panda."

Nikapanda. Mazishi hayasubiri jeraha likauke. Mvua nayo haikatiki, na mimi juu ya mvua hiyo kila siku nakimwagia maji kwa kata, kama vile yeye ndiye mwenye kiu. Wiki ya tatu nikakigusa. Kikang'okea mkononi, laini kama ndizi iliyooza, kinanuka.

Mimi! Ambaye sijawahi kukosa! Na Jumapili, baada ya ibada, watu wangekuja kukitazama.

Jumamosi mchana, wote wakiwa shambani, nikang'oa kwenye debe kile kilichoota vizuri zaidi, na mizizi yake, nikakipanda pale kichwani. Kilichooza nikakitupa mtoni.

Jumapili wakaja. Mama akashika jani, akalia, lakini kilio kingine, cha kutua mzigo. "Mwanangu kalala," akasema. Baba akanishika bega. Bibi akainama. Udongo wa kaburi ulikuwa mwekundu, pale shinani mweusi, na maganda ya kahawa yako wazi kama meno. Akaniangalia. Mimi nikaangalia miguu yangu. Halafu taratibu, kwa kiganja, akavuta udongo mwekundu akayafunika.

"Kimeshika," akasema.

Hakulitaja tena mpaka anakufa.

Leo mti ule umepita paa la kanisa. Watu wanakata vipande, wanapeleka mpaka Isongole, na wanamsifu aliyeupanda. Mimi nasifia kila kitu changu, ng'ombe, mahindi, hata kikohozi changu. Mti ule ukitajwa, naomba maji ya kunywa. Homa ya mapafu ndiyo iliyomchukua, najua, Baba alisema. Lakini Lidia mwenyewe alisema nini, sijui mpaka leo. Jibu lake huenda ndilo nililolitupa mtoni.