Jina Ambalo Mwalimu Letisia Hakulitamka

Kila asubuhi Mwalimu Letisia aliita mahudhurio ya darasa la tatu kwa sauti ya juu, maana ng'ambo ya barabara matrekta ya shamba la ngano yalikuwa yamekwisha kuamka. Aliita jina la mtoto na la baba yake, mmoja mmoja, mpaka alipowafikia watoto watatu. Hao aliwaita "Marko wa kwetu, Severine wa kwetu, Justina wa kwetu." Wakaitika, na hakuna aliyecheka. Kijiji kizima cha Dirma kilijua sababu. Watatu hao walikuwa wadogo wa mume wake, na jina la baba yao ndilo lilikuwa jina la baba mkwe wake. Kwa Wabarbaig, wafugaji wa eneo hilo, mwanamke aliyeolewa halitamki jina hilo, hata akiwa amekasirika.

Cha kushangaza, Letisia hakuzaliwa na mila hiyo. Alikuwa binti wa mzee Sulle wa kijiji cha Daudi, kule juu kwenye baridi, watu wa mahindi, maharage na misa ya Jumapili. Alipomaliza darasa la saba, serikali ilikuwa inatafuta walimu kwa tochi, kwa kuwa kila mtoto alitakiwa kuingia shule. Akachukuliwa. Asubuhi alifundisha, mchana akawa mwanafunzi tena mbele ya mwalimu mkuu, Mwalimu Basili, na jioni alisikiliza masomo ya ualimu redioni, sikio likiwa karibu kuingia ndani ya redio yenyewe. Alipoolewa na Julius, dereva wa trekta, wenzake wa Daudi walimtania kwamba atakunywa maziwa mpaka asahau ugali. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kulipita jina lile pembeni. Hakumlazimisha. Alisema tu kwamba la baba mkwe wake yeye, mzee aliyekwisha kufa zamani, halijapita mdomoni mwake mpaka leo. Letisia alifikiri jinsi mama huyo alivyompokea, mgeni asiyejua hata kukamua. Akaishika mila.

Kisha ukaja waraka. Walimu wote waliosomea kazi vijijini wasipewe cheti mpaka mkaguzi awaone kwa macho yake, toka mahudhurio hadi kengele ya mwisho wa kipindi. Asiyepita angeacha kufundisha. Mwalimu Basili alieleza kwamba ziko shule ambako mwalimu alihesabu vichwa tu, akajaza alama za vema daftarini, na mtoto akakaa porini na ng'ombe mwaka mzima huku daftari linasema yupo. Letisia aliona waraka una haki. Akaandika andalio la somo upya, akaokota punje za ngano zilizomwagika barabarani ziwe zana za hesabu.

Mkaguzi, Ndugu Nicodemo, alifika Jumanne, akakaa nyuma ya darasa. Letisia aliita majina vizuri mpaka akafika.

"Marko wa kwetu."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. "Wa kwenu ndiyo nani, mwalimu? Soma kama ilivyoandikwa."

Justina aliinamisha kichwa kama vile yeye ndiye aliyekosea. Mwalimu akayaruka majina yale matatu, akafundisha hesabu za sehemu kwa punje za ngano, na watoto walielewa mpaka wakasahau kwamba kuna mgeni.

Ofisini mkaguzi alikiri kuwa somo lilikuwa zuri sana. Lakini hakusaini. Mahudhurio yaitwe kamili, kwa sauti, mbele yake, ndivyo waraka ulivyosema. Akimwachia huyu kwa ajili ya mila, kesho mwingine atadai kwao ni mwiko kusahihisha madaftari. Mwalimu Basili akapendekeza watoto wajitajie wenyewe jina la baba. Mkaguzi akakataa, akisema ameona shule nyingi watoto wakiitikiana, yupo aliyejibu kwa niaba ya wanne. Anakwenda kukagua shule ya Endasak, Ijumaa atapita tena. Siku hiyo ama jina lisikike, ama cheti hakuna.

Ushauri haukukosekana. Mwalimu Basili alimwambia alitamke mara moja tu, haraka, kama mtu anayemeza klorokwini. Julius alisema hata makarani wa shamba walilisoma jina la baba siku walipomwambia ng'ombe wake watafute njia nyingine kwa kuwa ile ya zamani imelimwa ngano, na jua likachwa kama kawaida.

"Makarani hawakuolewa hapa," Letisia akamjibu.

Jioni alimwomba mama mkwe apeleke habari kwa mzee mwenyewe, maana kwa mila hiyo mke hasemezani na baba mkwe wake ana kwa ana. Jibu likarudi upesi: asome, ruhusa ametoa. Ingeweza kuishia hapo. Lakini Letisia alikikumbuka kichwa cha Justina kilivyoinama. Kesho Justina naye ataolewa, na atakumbuka kwamba mwalimu wake alipobanwa kidogo tu, aliachia. Akamrudisha mama mkwe kwa mzee na ombi jingine.

Ijumaa mkaguzi alikaa palepale nyuma, akafungua kalamu. Majina yakaenda. Letisia akavuta pumzi.

"Marko."

"Gidahosh," ikajibu sauti nzito kutoka nje ya dirisha.

Darasa zima likageuka. Mzee alisimama na fimbo yake na shuka begani, ameligeuzia dirisha mgongo ili yeye na mkwe wake wasitazamane.

"Severine."

"Gidahosh."

"Justina."

"Gidahosh," mzee akasema, sasa kama mtu anayeulizwa jambo alilokwisha kujibu.

Mkaguzi alikwenda dirishani, akatoa shikamoo, akauliza yeye ni nani. Mzee akamwambia hilo ndilo jina lake, na hao watatu ni watoto wake. Si alitaka kulisikia?

Watoto wakacheka. Mkaguzi hakucheka. "Mwalimu, na kesho? Mzee ataacha ng'ombe kila asubuhi?"

"Kesho nitawaita kama siku zote, Ndugu Mkaguzi. Nawajua. Justina haoni ubao akikaa nyuma. Severine huchelewa siku za kunywesha ng'ombe. Marko hesabu hazipendi, ila za mbuzi. Ulisema mtoto anaweza kuitikia jina lisilo lake. Basi nimemleta baba yao."

Mkaguzi akautoa waraka, akausoma tena polepole, kidole kikifuata mstari. Yaitwe kamili. Kwa sauti. Mbele yake. Kisha akaandika kwa muda mrefu, na mwisho akasaini.

"Mwambieni mwalimu wenu ng'ombe wangu wanaikaribia ngano," mzee akasema dirishani. "Kama amepita, niende."

Letisia alikuwa amekwisha kushika chaki.

"Justina," alisema, "mwambie baba aende. Nimepita."