Kidole Changu Kwenye Karatasi

Bado naona haya kumtazama Bi Salma. Maabara yetu hapa London hukausha kwenye karatasi majimaji yaliyotolewa ndani ya bakteria. Yakikutana na dawa ya kuhifadhia vyakula, hutengeneza protini na karatasi hugeuka zambarau. Karatasi nilizolowesha mimi kwa maji matupu, zisizopaswa kugeuka, zilipogeuka pia, nilimlaumu yeye, mtayarishaji wa maji, mbele ya bosi. Mama wa watu akarudia kazi siku tatu.

Jana akanikuta nikimaliza pilau na achari ya chupa, ile isiyoharibika miezi kadhaa, kwa mkono kama kawaida yangu, nikajifuta kwa tishu tu.

"Mwanangu, hebu bonyeza hapa," akasema, akinisogezea karatasi mpya iliyoloweshwa maji matupu.

Tulisubiri saa nzima, bosi akiwepo. Kidole changu kikatokea, zambarau, na mistari yake yote.