Tobias Atafuta Chumba Krismasi

Tobias Oloo alikuwa mpishi hodari, na kama wapishi wengi hodari, alidhani akili ya jikoni yatosha kila mahali. Desemba ile ya mwaka 1958 aliamini amegundua jambo ambalo Nairobi nzima hailijui: chumba hakitafutwi mwezi wa tisa, hutafutwa Krismasi. Sukumawiki ya asubuhi ina maringo, alimweleza Nzuki, mtunza bustani wa nyumba ya jirani kule Lavington. Ngoja jioni, muuzaji akitaka kwenda kwake, atakubembeleza mwenyewe. Na vyumba ni hivyo hivyo. Watu wakienda makwao sikukuu, wenye nyumba hubaki wakitazamana na milango.

"Na bibi yako atakula sikukuu na nani?" Nzuki akamwuliza.

"Atakula na mimi hapa mwaka mzima."

Alijibu upesi, lakini swali lilimchoma. Mkewe, Peres, alikuwa ameolewa miaka mitatu, na katika miaka hiyo alikuwa amekaa na mumewe siku arobaini na mbili, alizihesabu mwenyewe. Tobias alilala kwenye kota ya watumishi, nyuma ya nyumba ya mzungu wake, na memsabu hakutaka wake za watumishi waonekane pale. Mwezi wa nane alipokwenda likizo kwao Seme, Peres alimwambia bila kupandisha sauti: "Mimi sikuolewa na barua. Watu wananiuliza mtoto yuko wapi. Niwaambie amepotelea posta? Krismasi ikipita hujapata nyumba, narudi kwa baba." Tobias alimjua mkewe. Akipiga kelele, mambo si mabaya. Akisema polepole, jihadhari.

Basi wazungu wake walipoteremka pwani tarehe ishirini, wakamwachia siku zake za mapumziko, hakukata tiketi ya kwenda kwao. Alianza kutembea. Kawangware aliizunguka siku mbili mpaka mbwa wakachoka kumbwekea. Kila mlango ulikuwa na kufuli, na kila kufuli lilikuwa na mwenyewe. Watu walikuwa wameondoka kweli, ila walilipa kodi ya Januari kwanza, wakaacha vitanda na masufuria ndani. Nani aache chumba Nairobi kwa sababu ya wali wa siku moja? Hesabu yake ya sukumawiki ikawa inamcheka, na kila alipolala aliamka kabla ya jogoo.

Tarehe ishirini na tatu aliteremka mjini, stesheni, kumpa Odhiambo wa kwao sukari na majani ya chai ampelekee Peres. Aliona haya kusema kwamba hajapata nyumba. "Mwambie kazi imenishika," akasema.

Pale pale kwenye msongamano ndipo wazo jingine likamjia. Aliyebeba mikate na blanketi mpya, huyo atarudi. Aliyebeba kitanda, harudi. Akaanza kuwafuata wenye vitanda. Wa kwanza alikuwa anampelekea mama yake zawadi, akamwuliza Tobias kama yeye ni askari. Wa pili alikuwa Mluhya mmoja jina lake Sifuna, mwenye kitanda cha chuma, meza, karai, na hata kamba yake ya kuanikia nguo.

"Mimi na Nairobi tumeachana," Sifuna akasema. "Nilikuwa Kangemi, kwa Mama Njambi, mlango ya tatu. Kimbia, ndugu yangu. Si wewe wa kwanza kuuliza."

Kesho yake asubuhi Tobias alikuwa Kangemi. Njambi alikuwa uani akipepeta maharagwe, na mlango wa tatu ulikuwa wazi, hauna kufuli. Akajieleza yote kwa pumzi moja: kazi, mwajiri, kanisa, bibi.

"Bibi iko wapi?"

"Nyumbani, mama. Seme."

"Na leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na nne."

Njambi akaweka ungo chini. "Kesho ni Krismasi. Wanaume yote ya hapa imeenda kwao, hata ile mlevi ya mlango ya kwanza. Wewe una bibi, una kazi, na unasimama hapa kwangu kuuliza nyumba. Mtu kama hiyo ama hana bibi, ama bibi imemfukuza."

"Mama, ni kutafuta nyumba ndiko kumeniweka huku!" Akatoa kodi ya miezi miwili. Njambi hakuitazama.

"Pesa hata mwizi anayo. Kabla ya Sifuna niliweka bachela hapa, kila mwisho wa mwezi bibi mpya, na mimi niko na wasichana. Enda kwenu. Lete bibi nimuone na macho yangu. Nitangoja mpaka siku ya mwaka mpya. Ikipita, napatia mwingine."

Tobias alimkasirikia Njambi njia nzima hadi mjini, na alipofika stesheni hasira ilikuwa imemgeukia mwenyewe. Mtu mzima, siku nne anazunguka kutafuta kwa watu kitu ambacho angekipata kwa kwenda kwao tu! Treni ya jioni haikuwa na pa kukaa. Alisimama, na kila kituo alikiona kimejengwa ili kumchelewesha yeye. Toka Kisumu alipata lori nusu ya njia, nusu nyingine akaenda kwa miguu, akiwapita watu wanaotoka kanisani bila kuwasalimu vizuri.

Peres alikuwa ameketi mlangoni, mzigo mkubwa uliofungwa kwa leso miguuni pake. Hakuinuka.

"Odhiambo alisema kazi imekushika."

"Nilidanganya. Nilikuwa natafuta chumba, nikaona haya."

"Umekipata?"

"Kipo Kangemi. Lakini mwenyewe hanipi mpaka akuone wewe."

"Kwa hiyo hata Nairobi kuna mtu asiyekuamini."

Tobias aliogopa, na hakuificha hofu yake.

"Huu mzigo niliufunga jana," Peres akasema, polepole. "Kesho nilikuwa naenda nao kwa baba. Sasa niufanyeje?"

Tobias aliliangalia fundo. Lilikuwa limekazwa na mtu aliyekwisha maliza kufikiri.

"Usiufungue," akasema. Peres akauliza treni ya kurudi Nairobi ni siku gani.