Mlango wa Ngome na Kofi la Babu

Hakuna salamu inayonichoma katika mji huu kama "Jambo!" Sisi hatuambiani hivyo. Hiyo tumewawekea wageni. Siku ile, kwa sababu ya kamera shingoni na kofia pana ya jua, nilipigiwa mimi, mzee mzima niliyezaliwa na kulelewa Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngomeni.

Nilikuwa nimekwenda kuupiga picha mlango wa ngome. Macho ya mamangu yanafifia, na kabla hayajazima kabisa alitaka picha kubwa ya mlango ule aitundike mbele ya kitanda chake. Zamani za Mwingereza ngome ilikuwa jela, na babu alifungwa humo. Alikuwa kuli bandarini. Karani mmoja alimwita "boi" mbele ya wenzake, babu akamtia kofi. Basi, kofi moja tu. Bibi alikuwa akisimama nje ya mlango huo na bakuli la chakula, mamangu kiunoni. Mtaani watoto walimzomea mamangu kuwa babake ni muuaji, kwani walidhani kila aliyefungwa humo ameua mtu. Leo mama ni kizee, na neno hilo bado linamuuma.

Nilitaka mlango mtupu. Kila nikiinua kamera, mtembeza wageni mmoja anasimama katikati.

"Jambo! Karibu Mombasa!"

"Nimezawa papa hapa."

"Hakuna matata, mzee wangu," akasema, na somo likaanza bila kuombwa. "Hii ilikuwa jela. Waliofungwa humu wote walikuwa wauaji."

"Nani kakwambia?"

Mkono wangu ulipaa wenyewe kumtia kofi. Nilipoutazama mlango nyuma yake, nikaushusha mkono. Nikamweleza habari ya babu tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Pole, mzee wangu. Sikujua."

Akasogea kando. Moyo ukanitulia, nikapiga picha yangu, nikamuaga kwa heshima zote. Sijafika hata kwenye kona, nikamsikia akiwaambia wageni waliotoka bara:

"Humu alifungwa kuli mmoja, alimuua karani kwa kofi moja!"

Nilirudi mbio. Salamu sikutoa.

"Muongo wee! Hakuuwa mtu! Alimtia kofi, na kofi lenyewe lilikuwa haki ya yule karani! Mimi ndimi mjukuu wa kuli huyo, na mwanawe yu hai, yuko nyumbani, ananingoja!"

Mtembeza wageni akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha mama mmoja katika wale wageni akanyoosha mkono akaomba kamera yangu.

"Simama hapo mlangoni, mzee, nikupige."

Nikasimama. Kutabasamu sikuweza.

Nilimpelekea mama picha zote mbili, nikamsimulia yote yaliyotokea. Ile ya mlango mtupu, niliyoihangaikia asubuhi nzima, aliiweka kando. Hii nyingine akaisogeza mpaka puani, akaiangalia kwa muda mrefu: mwanawe mlangoni, uso umekunjamana, ngumi imefumbwa.

"Tundika hii," akasema. "Na watu wakija kuniona, nawe uwepo. Uwaambie vile vile ulivyomwambia yule mtembeza wageni."