Mashine Yenye Kelele

Mtaani walimwita Bwana Stoo, na hata mkewe, enzi za uhai wake, alimwita hivyo hivyo akitaka kumchokoza. Miaka ishirini na sita alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro, mtu wa kubandika karatasi kwenye kila rafu. Nyumbani nako vikopo vya jikoni viliandikwa kwa mkono wake: chumvi, sukari, majani ya chai. Mtu wa namna hiyo hakosei vitu vidogo. Sasa nenda kamuulize ilikuwaje akaiua mashine ya mkewe kwa dakika tano.

Ilikuwa mashine ya kukatia ua, ya petroli. Mbele ya nyumba yao kuna ua wa michongoma, hatua kama arobaini kutoka getini hadi ukuta wa jirani. Mkewe alikuwa muuguzi, na kila Jumamosi asubuhi, hata kama hakukuwa na cha maana cha kukata, alitoka na mashine yake akapunguza hapa na pale. Petroli ya mashine ile lazima ichanganywe na oili kabla ya kutiwa. Mama yule alichanganya mwenyewe, kwa kukadiria, kwenye chupa isiyo na karatasi yoyote. Wiki mbili baada ya mazishi Bwana Stoo akajaza petroli tupu, akavuta kamba, mashine ikanguruma kidogo, ikakwaruza, ikanyamaza. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga.

"Injini imekwisha, mzee. Pole sana."

"Ahsante," akasema. Siku hizo ahsante zilimtoka kama mtu anayegonga muhuri.

Hakuwa amelia hata mara moja. Tusimwonee, alimpenda mkewe. Lakini tangu madaktari walipomwita pembeni kule hospitali wakamwambia amefariki, kifua chake kiliingia ganzi na ganzi ikakaa. Alikula asijue amekula nini. Alipiga mashati yake pasi, akaenda kazini, akarudi. Watu wakamsifu eti amejikaza kiume. Kujikaza gani, jamani? Hakukuwa na kitu cha kukaza mle ndani.

Kilichomnyima raha kilikuwa kimoja tu, nacho ni mama mkwe wake. Bibi yule aliishi nao mwaka wa sita huo, macho yameingia ukungu, kumbukumbu inakuja na kuondoka ipendavyo. Alikuwepo kwenye mazishi ya binti yake, akalia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake asubuhi akauliza, "Mwanangu ameshaamka?" Bwana Stoo akamwambia. Akalia upya, kama ndiyo kwanza anasikia. Keshokutwa vile vile. Mara tano alimwambia, na mara tano alimtazama akifiwa. Mara ya sita akashindwa.

"Amesafiri, mama. Kikazi."

"Ahaa," bibi akasema, akala chakula chake chote.

Uongo ule ulikwenda vizuri siku za kazi. Jumamosi ndiyo ilikuwa balaa. Jumamosi bibi alivuta kiti dirishani kusubiri mngurumo wa mashine, na asipousikia, hatulii. "Mbona leo hakati ua? Anaumwa? Mnanificha nini?" Hali, hanywi, anapapasa kuta akitafuta mlango wa kutokea. Jumamosi iliyopita alianguka kwenye kizingiti akachubuka goti. Bwana Stoo alimfunga kitambaa akiwa haoni njia ila mbili: amwambie ukweli amwone akilia tena, kila Jumamosi mpaka mmoja wao afe, au alete mngurumo.

Ndivyo alivyojikuta dukani.

Mwenye duka la zana alikuwa mama mmoja mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na alikuwa mtu mkweli, jambo ambalo halikumsaidia Bwana Stoo hata kidogo.

"Ua wako una urefu gani?"

"Hatua arobaini."

"Basi chukua ya betri. Kwa nyumbani, betri imetosha na kubaki. Nyepesi, haina moshi, hakuna kuchanganya oili, hakuna kuvuta kamba mpaka bega ling'oke. Unachaji, unabonyeza, unakata, unairudisha kabatini." Akaiwasha. Ilivuma taratibu, wakaendelea kusikilizana bila kupaza sauti.

Bwana Stoo akaishika. Ilikaa vizuri mkononi. Kama angekuwa anaagiza kwa ajili ya kiwanda, angetia sahihi pale pale.

"Na hii ya petroli?"

"Hiyo ni ya watu wa mahoteli, wanaokata kutwa nzima. Ina nguvu, siwezi kukudanganya, na haiishiwi chaji. Lakini ni nzito, inakutetemesha mikono mpaka unashindwa kushika kikombe. Na makelele yake, baba, utagombana na majirani."

"Makelele kiasi gani?"

"Mengi."

"Mtu aliyekaa ndani, dirisha limefungwa, anasikia?"

"Mtu aliyekaa ndani mtaa wa pili anasikia."

"Nifungie hiyo."

Mwenye duka akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Mimi nimekutajia ubaya wake wote."

"Nimeusikia, mama. Nifungie hiyo."

Safari hii hakukosea. Alipima petroli, akapima oili, akabandika karatasi kwenye chupa: ILIYOCHANGANYWA. Jumamosi akamkalisha bibi dirishani, akatoka, akavuta kamba. Mtaa mzima ukajua. Alianzia getini akaenda moja kwa moja, macho mbele, kama mtu anayemaliza kuhesabu mzigo, hadi ukutani kwa jirani. Akazima. Mikono ilikuwa haina hisia kuanzia viganjani hadi kwenye viwiko, na yeye akaona sawa tu, sasa imefanana na sehemu nyingine.

Alipoingia alikuta bibi ameandaa chai, vikombe viwili, kwa kupapasa. Hakuwa ameandaa chai tangu msiba. Bwana Stoo akaketi.

"Ni wewe uliyekuwa unakata," bibi akasema.

Alitaka kusema hapana.

"Mwenzio anazima kila hatua tatu, nne. Anafunua matawi atazame kama kuna kiota, asije akakata makinda. Wewe umetoka getini mpaka ukutani hujazima hata mara moja."

Miaka yote ile Bwana Stoo alisikia mashine ikizima na kuwaka, ikizima na kuwaka, akadhani ni plagi mbovu. Alimnunulia mkewe plagi mpya mara mbili. Mkewe alicheka, akazipokea, wala hakumweleza.

"Amekufa?" bibi akauliza.

"Amekufa, mama. Huu ni mwezi wa nne tangu tumzike."

Bibi akazungusha vidole kwenye mdomo wa kikombe. "Uliwahi kuniambia?"

"Mara tano."

"Nikasahau."

"Ukasahau. Na kila mara ulilia kama mara ya kwanza. Nikaona afadhali awe amesafiri."

"Kwa hiyo mimi nikae namsubiri, na wewe msiba ukae nao peke yako." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa ya kukemea. "Nikisahau tena, uniambie tena."

"Utalia, mama."

"Si mwanangu? Niache nimlilie. Wewe umeshalia?"

"Bado."

Bibi akamsogezea kikombe cha pili. Kilikuwa na sukari vijiko vinne, vile alivyopenda marehemu. Bwana Stoo alikinywa chote kwa mikono miwili, na hakusikia chochote.

Jumamosi iliyofuata alianzia tena getini. Akakata hatua tatu, akazima, akafunua matawi. Hamna kitu. Hatua tatu, akazima. Kituo cha nne akaona kiota, kimepinda kidogo, kitupu, na pembeni yake matawi yamekatwa kwa kukizunguka, zamani, na mkono mwingine. Alisimama pale anakitazama, mashine imezimwa, na katika ukimya ule dirisha likafunguka.

"Mwanangu," bibi akaita, sauti imejaa furaha. "Nilijua tu umerudi. Njoo unywe chai."

Bwana Stoo alikuwa amekata vizuri mno, kama mkewe hasa. Kilichobaki ni kuvuta kamba tu, aendelee hatua tatu tatu hadi ukutani, na bibi angekuwa na binti yake mpaka jioni.

Akailaza mashine kwenye majani, akaingia ndani na vumbi lake.

"Mama, si yeye. Ni mimi."

Akaanza kumwambia kwa maneno yale yale ya mara zote, siku ile, hospitali ile, saa ile. Alipofika kwenye jina la mkewe sauti ikamkatika, akajaribu tena, ikakatika tena. Bibi akapapasa hewani mpaka akalipata bega lake, akamvuta.