Tangi la Chumvi Lisilo na Samaki

Mwani ule haukuota kwa siku moja, ila mimi niliuona kwa siku moja. Niliingia sebuleni asubuhi kufungua mapazia, nikakuta mawe yote ndani ya tangi yameota nywele za kijani, ndefu, zinapepea kila pampu inaposukuma maji. Matumbawe mawili kati ya matatu yalikuwa yamefunikwa kabisa. Samaki wetu wa pekee, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, alikuwa amejibana kwenye kona. Nikasema, "Jamani! Nani kafanya hivi?" Ndivyo nilivyo. Huwa natafuta wa kumlaumu kabla sijatafuta sababu.

Tangi lenyewe si kubwa, linakaribia ukubwa wa sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni. Aliniachia daktari mmoja mgeni niliyefanya naye kazi hospitali, mimi nikiwa maabara, mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao. Aliniachia na taa, hita, kipimo cha chumvi na maelekezo ya kurasa nne. Majirani zangu hapa mtaani Bilele hawakunielewa hata kidogo. Ziwa lote lile liko pale chini, na mimi naagiza chumvi maalumu ya pakiti kutoka Dar es Salaam ili nitengeneze bahari sebuleni! Jirani mmoja aliwahi kuniletea chumvi ya mezani, kwa moyo mweupe kabisa, ili niache kujitesa. Nilimshukuru, nikaitia kwenye mboga.

Aliyelipenda tangi kuliko wote ni mume wangu. Alifundisha jiografia miaka mingi, na hata mimi namwita Mwalimu. Ni mtu wa maswali. Maji yakipungua, kwa nini chumvi haipungui nayo? Samaki analala saa ngapi? Matumbawe ni jiwe au ni mnyama, na kama ni mnyama, mdomo uko wapi? Aliuliza mpaka nikawa naogopa kukaa naye. Halafu akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukawa mzito, mdomo ukaenda upande, na maneno yakawa yanamjia moja moja, mengine hayaji kabisa.

Daktari alituambia jambo moja nikalishika kuliko dawa zote: azungumze. Azungumze na watu, si na mke tu, tena kila siku, la sivyo ulimi utazoea kulala. Kwa hiyo wageni walipoanza kumiminika kutoka kijijini kwao Izigo kuja kumpa pole, na mikungu yao ya ndizi kichwani, mimi nilifurahi. Kila mgeni nilimhesabu kuwa ni dawa.

Sasa kwetu sisi Wahaya mgeni hakai hivi hivi. Mwenye nyumba anamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, anampelekea kikapu kidogo, mgeni anachota mbegu zake mbili tatu, ndipo mazungumzo yanaanza. Mara ya kwanza Mwalimu alipojaribu, mkono ukamsaliti, kahawa ikamwagika sakafu nzima. Wageni wote wakainama kuokota. Na mimi niliinama nikaokota, nikamwona usoni, nikatamani nilie.

Baada ya siku ile akabuni lake, na mimi sikujua kwa sababu mchana niko kazini. Kila mgeni aliyeingia alipewa kopo la chakula cha samaki. "Mli... she," Mwalimu alimwambia, na mgeni akachota, akarusha, akashangaa samaki anavyopanda juu. Mgeni wa pili naye. Wa tatu naye. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, shemeji yangu, mdogo wake Mwalimu, akaona samaki anapewa unga mkavu kama hana kwao, akamtupia senene wa kukaanga wawili, naye aonje. Maji yakawa na mafuta juu kama supu.

Niligundua wiki ileile ya mwani, siku niliyorudi nyumbani mapema. Niliwakuta wanne wamezunguka tangi, kopo liko mkononi mwa mume wangu, na chakula kimetanda juu ya maji. Hasira zikanipanda mpaka kichwani. "Mnamuua! Hamuoni mnamuua?" Nikamnyang'anya kopo mkononi mbele ya wageni wake. Wageni wakaaga upesi, waitu, jamani, kila mmoja kakumbuka ana safari. Mwalimu aliendelea kuutazama mkono wake, vidole bado vimekunjika namna vilivyokuwa vimeshika kopo.

Nikaanza upya. Samaki na tumbawe moja lililopona niliwahamishia kwenye ndoo nyeupe, na hita na pampu ndogo. Mchanga wote nikautupa, ulikuwa unanuka kama yai bovu. Mawe niliyasugua kwa mswaki ndani ya maji ya chumvi, jiwe kwa jiwe, mpaka vidole vikachubuka. Maji ya zamani nikayamwaga, nikakoroga mapya kwa maji ya mvua niliyoyachuja. Sababu niliijua vizuri: chakula kisicholiwa kinaoza, na uozo ule ndio mbolea ya mwani. Kilichobaki ni kungoja. Kwenye mawe lazima waote bakteria wa kula uchafu wa samaki, na bakteria hawatumwi sokoni wala hawaharakishwi. Maelekezo yalisema ni wiki kadhaa za tangi lisilo na samaki.

Hapo ndipo Mwalimu akaanza kurudi kidogo kidogo, ila kwangu tu. Alivuta kiti karibu na kioo, akaanza maswali yake. "Bakteria... hatuwaoni. Tuna... juaje wapo?" Nikamwonyesha. Unachota maji kwenye kichupa, unatia matone ya dawa, unangoja dakika tano. Yakibaki ya njano, maji ni salama. Yakiwa ya kijani, bado kuna sumu ambayo hakuna wa kuila. Kazi ya kushika kichupa akaichukua yeye, kwa mkono wa kushoto, macho kwenye saa ya ukutani, na ole wako umsemeshe kabla dakika hazijatimia. Asubuhi moja alinigongea kioo kwa kucha. Kutoka kwenye tundu la jiwe nililolisugua mwenyewe kwa mswaki kilikuwa kimechomoza kidudu chenye mikono myembamba kama uzi, kinapapasa maji. Alikuwa wapi siku zote hizo? Alinusurikaje na mswaki wangu? Tulikaa tukimtazama mpaka nikachelewa kazini, na sikujali.

Lakini geti likigongwa tu, Mwalimu anachukua mkongojo anaingia chumbani. Mimi nabaki mlangoni nasema uongo: amelala, amekunywa dawa, kesho. Wageni wakapungua. Nikaona dawa ya daktari inamwagika chini, na aliyeimwaga ni mimi.

Jumapili moja baada ya ibada nilishindwa kuvumilia. "Mwalimu, umenikasirikia kwa sababu ya kopo? Niambie basi, nikuombe radhi yaishe." Akatikisa kichwa. Nikaanza kumtajia maneno, kama nilivyozoea: una aibu? Umechoka? Unaumwa? Akaninyamazisha kwa kiganja. Ilimchukua muda mrefu kulipanga jibu.

"Samaki akiwepo," akasema, "wana... mtazama yeye."

Basi. Si ukarimu peke yake, wala si mchezo. Kila mara alipompa mgeni kopo lile alikuwa anayageuza macho ya watu yaende kwenye kioo, yasikae kwenye mdomo wake. Mimi nililichukua kopo, nikaondoa na samaki, nikamwacha kwenye kiti chake hana pa kujificha. Nililia mbele yake bila kujizuia, nikamwomba radhi kwa Kihaya, maana kwa Kiswahili nilijisikia kama naandika barua ya kikazi.

Kesho yake nilitaka kumrudisha samaki siku hiyohiyo. Nikapima maji: kijani. Kijani hafifu, lakini kijani. Nikasema potelea mbali, nitamtia tu, atavumilia, watu waanze kuja. Mwalimu akauweka mkono wake mzito juu ya mfuniko wa ndoo. "Usimuue," akasema, "kwa ajili... yangu." Nikauacha mfuniko.

Siku tatu baadaye, jioni, tulikuwa tunapima tena. Dawa imekwisha kutiwa, Mwalimu ameshika kichupa, saa inahesabu dakika ya pili. Geti likagongwa. Nikamwona anatafuta mkongojo kwa macho. Lakini mkono wa kushoto una kichupa, na wa kulia hauwezi kushika mkongojo wala kichupa. Akikiweka chini, kinaweza kumwagika. Akanitazama. Ningeweza kukipokea, kusema kweli, na sijui hata sasa kwa nini sikukipokea. Shemeji akawa ameshaingia, mkungu wa ndizi begani.

Akaona tangi: mawe na maji matupu. "Loo! Kaka, samaki kafa?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Mimi ndiye ninayejibu siku zote. Mtu akimuuliza Mwalimu habari za asubuhi, najibu mimi. Safari hii niliuma meno. Nikasikiliza pampu inavyokoroma.

"Yuko... kwenye ndoo," akasema Mwalimu. "Tunangoja... bakteria."

"Bakteria? Wadudu wa ugonjwa hao!"

"Si wote." Na akaanza. Alieleza kuhusu uchafu, na sumu, na mwani, na wale wasioonekana wanaoishi kwenye mawe. Maneno yalikuja kwa kuvutwa, moja, halafu lingine, na mate yakimtoka upande wa mdomo. Shemeji aliutua mkungu. Akavuta kigoda mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Sasa hao bakteria, wanakula nini hasa?"

"Ki..." akasema Mwalimu. "Ki... ki..." Nilijua anatafuta kinyesi. Neno lilikuwa linaniwasha mdomoni, lakini nilinyamaza. Akajaribu tena, akakwama, akakunja uso kwa hasira kama mwalimu aliyekosa chaki.

"Mavi!" akatamka, safi kabisa, neno zima.

Mume wangu, mzee wa kanisa, ambaye katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akilitaja neno hilo! Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu, na Mwalimu naye akacheka, kwa sauti, mbele ya mgeni, mdomo umekwenda upande wote. Maji kwenye kichupa yalikuwa ya njano. Niliwaambia, nikarudia mara mbili, na hakuna aliyegeuka kulitazama tangi.