Mashine ya Nne Iliyomtoa Kioko

Sikuwa nimekunywa siku hiyo, wala sikuwa nimelala. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Malili linachoma kisogo, na yule mtu alisimama karibu nami hivi. Anayetaka kucheka acheke amalize, kisha asome.

Miaka ya themanini nilikuwa kibarua kwenye ranchi moja huko, mimi na mdogo wangu Kioko, mwanaume mzima wa ndevu. Bwawa la ranchi lilikuwa na samaki wa mdomo mkubwa, wale bass, na wageni walitoka Nairobi kuja kuwavua. Sisi Wakamba wa zamani tulimhesabu samaki pamoja na nyoka. Akina mama waliokuja kuchota maji walitucheka: "Nyinyi wavua nyoka, mtaoa nani?" Kioko anajibu, "Binti yako, mama! Nitamlisha mkia."

Kazi yake ilikuwa zile mashine za kukunja uzi kwenye fimbo za kuvulia. Anatia alama ya chaki kwenye gurudumu la uzi, anazungusha mkono wa mashine mara moja, anahesabu kwa midomo. Gurudumu likizunguka mara nne, hiyo ni mashine ya nne: ya polepole, yenye nguvu, ya kuvuta chambo kizito cha mbao kinachozama kikivutwa. Likizunguka mara sita ni ya haraka, ya chambo cha chura wa mpira kinachopita juu ya majani. Samaki akiuma unamtoa mbio kabla hajajifunga kwenye nyasi.

Nyapara wetu, Mutisya wa Ndolo, naandika jina lake lote, alizichanganya.

"Mzee, hiyo ya sita haiendi na chambo cha kuzama," Kioko alimwambia. "Kitapiga mbizi upesi, kishike visiki."

"Wewe umesoma wapi?" Mutisya akarusha chambo majini, akazungusha kwa fujo. Chambo kikanasa kwenye miti iliyofunikwa na maji. Kilikuwa cha mgeni, kimetoka ng'ambo. Akamwamuru Kioko avue viatu akakitoe, kwa sababu ni yeye tu aliyejua kuogelea. Kioko aliingia. Hakutoka.

Polisi walisema tungoje aelee. Mimi nilimtumia mama ujumbe kwetu Kikima, juu milimani: sipandi huko bila mwanao. Siku mbili nilikokota ndoano kubwa chini ya bwawa kwa ile mashine ya sita. Mara tatu nilishika kitu kizito, mara tatu mkono wa mashine ukagoma, ndoano ikachomoka. Ile ya nne Mutisya aliifungia stoo, ufunguo kiunoni. "Ni mali ya watu," alisema.

Hapo ndipo yule mtu aliposimama kando yangu. Kofia imefunika uso, shati linadondosha maji. Mvua ilikuwa imetoka wapi, niambie? Akanipa fimbo yenye mashine ya nne. Kabla ya kuiachilia aliizungusha mara moja, na chini ya kofia nikaona midomo ikihesabu.

"Polepole, kaka. Usimkimbize."

Niamini, sikuthubutu kumtazama tena. Nilirusha, ikashika, nikazungusha polepole. Uzito ukaja. Ndugu yangu alitoka na chambo cha mgeni ndani ya ngumi.

Nilipogeuka, yule mtu hakuwepo; nyayo za maji zilitoka mlango wa stoo mpaka miguuni pangu. Za kurudi hazikuwepo. Kufuli ilikuwa imefungwa vilevile. Mutisya alipoifungua mbele ya polisi, sakafu ilikuwa imejaa maji, na msumari ilipotundikwa ile mashine ulikuwa mtupu.

Nilifukuzwa kwa kuvunja stoo ambayo haikuvunjwa. Mutisya leo ni mzee wa kanisa, anasema mimi ni mchawi. Na aseme. Kioko amelala Kikima, nyumbani kwa mama, kama nilivyoapa. Lakini mpaka leo nikizungusha kamba ya kisima, mzunguko wa nne unakuwa mzito, na mtu anahesabu karibu na sikio langu. Nikiharakisha, anaanza upya.

Wewe uliye na watu chini yako, mfanyakazi akikwambia chombo hiki hakifai, msikilize. Ukimtuma majini alipie kosa lako, atatoka tu, na ufunguo wako hatauomba.